Kushika Mkono Bila Kuuliza

Mwaka ambao wanunuzi binafsi wa pamba walianza kuonekana Bariadi, mimi, muuguzi, nilipelekwa kozi. Daktari wa Kichina alitufundisha kupunguza kichefuchefu cha wagonjwa wa saratani kwa kubonyeza mkono, karibu na kifundo. Lakini kwanza, alisema, shika mapigo, nyamaza, sikiliza.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mama wa Sapiwi mwenye saratani ya titi. Dawa za hospitali zilimtapisha kutwa. Nikamshika mikono yote miwili, kimya.

"Haya, mtaje," akasema. "Nani kaniroga?"

Nikakasirika. Nisome kote huko, halafu nifanywe mganga! Ila kosa lilikuwa langu. Kwetu Usukumani, anayekushika bila kukuuliza unaumwa nini ni mganga wa kienyeji, na utamsubiri akutajie mbaya wako.

"Hakuna mtu, mayu," nikamwambia, nikimwita mama kwa Kisukuma. "Ni ugonjwa tu."

Akatazama mlango. "Basi mwite wifi yangu. Nilimwacha nje nikidhani utamtaja yeye."

Wifi aliingia na miguu ya vumbi. Alikuwa amemsukuma mgonjwa kwa baiskeli toka Sapiwi. Nikauweka mkono wa mgonjwa mikononi mwa wifi yake, nikamwonyesha pa kubonyeza.