Maziwa Yaliyopigwa na Jua

Tulipohamia kijiji cha ujamaa upande wa Bunda, akina mama tulikuwaga na desturi: ukitoka shamba la pamba, unakamua maziwa ya kwanza unamwaga chini, ndipo unanyonyesha. Tulisema yamepigwa na jua, yataharibu tumbo la mtoto. Mimi niliamini. Wenzangu siwezi kuwasemea.

Mwanangu wa kwanza, msichana, hajaanza hata kutambaa, akashikwa na kuhara. Macho yakaingia ndani.

"Mke wetu," mama mkwe akasema, "maziwa yako yameshaharibika. Mwachishe."

Nikamwachisha. Akazidi kulegea, hata sauti ya kulia ikaisha. Nikamfunga mgongoni, tukaenda zahanati wote watatu.

Nesi akauliza nani kasema mtoto aache kunyonya.

"Mimi," mama mkwe akajibu. "Na wewe umezaa wangapi?"

"Bado, bibi."

"Haya, endelea."

Nesi akacheka. Akatueleza kwamba utumbo una walinzi wake, kama mgambo wa kijiji. Chakula wanakipisha. Vijidudu vingine ni wenyeji humo, wanaviacha vikae. Cha ugonjwa ndicho wanakikamata. Wakianza kupiga kila anayepita, mwili wenyewe unaumia.

"Wa mtoto bado wanajifunza kazi," akasema. "Maziwa ya mama yanawaletea wenzao wa kuwasaidia. Na jua haliyaharibu, maana yako ndani ya mwili."

Mama mkwe akanigeukia. "Sasa unangoja nini? Mpe!"

Nikampa pale pale kwenye benchi. Akavuta kidogo, akalala, akavuta tena.

Nilisoma hadi darasa la nne tu, kwa hiyo sijui kama aliponywa na maziwa, au na maji ya chumvi na sukari tuliyofundishwa kumnywesha, au vyote. Na mama mkwe nimpe haki yake: aliyechemsha maji hayo ni yeye, na ndiye aliyenipikia uji wa ulezi mpaka maziwa yakarudi.

Siku moja mtoto akaning'ata akinyonya, nikapiga yowe.

"Ana nguvu huyo!" mama mkwe akashangilia, akaita majirani waje kuona.

Tulipokwenda Musoma kumsalimia mama yangu, nilimpitisha mtoto sokoni Mwigobero, katikati ya wauza samaki. Watoto wachanga tulikuwaga tunawafunika uso, watu wasiwatazame sana. Wangu sikumfunika. Nilitaka wamwone.