Baba Ndani ya Mawe

Juzi nilipita Msalato nikaiona ile nyumba ya mawe ya Mjerumani. Paa limeanguka, na fundi alikuwa akizipima kuta ili ikarabatiwe. Siku hiyo sikutulia tena.

Ilipojengwa nilikuwa mdogo. Askari walimchukua baba kwenda kuijenga, na kila nilipomuulizia, bibi alinijibu, "Baba yako kaishia kwenye yale mawe." Niliamini wamemjengea ndani ya ukuta.

Alasiri moja mama alinichukua tumpelekee ugali wa uwele na mlenda. Tulipofika, harufu ya chokaa ilinichoma pua, na nyundo zililia kila upande. Mama alipokuwa akimbembeleza askari aturuhusu, nilikimbilia ukutani nikatega sikio kwenye jiwe.

"Baba! Umo?"

"Nani huyo? Ni binti yangu?" sauti yake ilijibu kutoka upande wa pili.

Nikaanza kuyakwangua mawe kwa kucha ili nimtoe. Ndipo alipotokea mlangoni, mweupe kwa chokaa toka nywele hadi nyayo. Nilidhani ni mzimu. Nilipiga yowe, nikakimbilia nyuma ya mama.

"Njoo, binti yangu. Ni mimi," alisema, amenyoosha mikono.

Nilimsubiri anifuate na kunibeba, kama alivyozoea nyumbani. Hakusogea. Nilirudi nyumbani nikilia kwamba baba hanitaki tena, na mama, ambaye alikuwa ameuona mnyororo uliomzuia baba shingoni, alinibeba mgongoni njia nzima.