Semi Zangu Mia Nne na Maswali ya Muuza Maziwa

Kabla muuza maziwa hajaingia darasani kwetu, mimi ndiye niliyekuwa Kiingereza chenyewe. Mchana nilishona suruali mtaani Daraja Mbili, jioni nilisoma masomo ya watu wazima, na kati ya suruali na suruali nilikariri semi za Kiingereza. Nilikuwa nazo mia nne kichwani. Kwa wateja nilisema elfu, na hakuna aliyeomba kuzihesabu. Kumwaga maharage: kutoa siri. Kuwa na vipepeo tumboni: kuingiwa na hofu. Kupiga ndoo teke: kufa. Mwalimu alikuwa hajamaliza kuandika ubaoni mimi nimeshajibu, na darasa zima linageuka kunitazama kama vile nimeshuka toka kilele cha Mlima Meru na theluji kichwani.

Kisha akaja huyo mama. Alitoka Oldonyo Sambu, akishusha maziwa mjini alfajiri, na siku za masomo alilala kwa dada yake, mitaa miwili kutoka kwangu. Kimaasai ndiyo lugha yake, Kiswahili alikijulia shuleni, Kiingereza alikuwa nacho cha kujaza kikombe cha mtoto. Nikampenda mara moja. Mtu anayejua kidogo kuliko wewe anapendeka.

Jioni moja mwalimu akaandika ule msemo wa maharage. Nikajibu. Mwalimu akasema vizuri, akataka kufuta. Yule mama akanyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Nani kayamwaga, na mbele ya nani? Na alitaka, au yalimponyoka?"

Mwalimu akaweka chaki chini. Miaka miwili nilisoma kwake, sikuwahi kumwona akiweka chaki chini kwa ajili yangu. Alizungumza mpaka mlinzi akaja kutukumbusha muda, akieleza namna msemo uleule ulivyo utani kwa rafiki na tusi kwa mkubwa. Yule mama akasema kwao mgeni akifika hutoa habari yote kwanza, alikopita, aliyekutana naye, ng'ombe wa nani wanaumwa, kwa hiyo yeye neno lisilo na mwenyewe hajui alishike wapi. Darasa likacheka kwa furaha. Mimi nilicheka pia, kwa meno tu. Roho iliniuma nikashindwa kula, na mimi si mtu wa kushindwa kula.

Kuanzia hapo kila msemo ukawa na maswali yake. Nilianza kuchunguza hata viatu vyake, nione kama vina kasoro. Vilikuwa safi, na hilo likaniudhi zaidi.

Ndipo ikaja kazi. Kikundi cha wakulima wa kahawa kwenye miteremko ya Meru kilikuwa kinapokea wageni, kikiwaonyesha kahawa toka mtini hadi kikombeni, na mwongozaji wao alikuwa amehama. Wakamwomba mwalimu mtu mmoja. Mwalimu akatupendekeza wawili, mimi na yeye, tujaribiwe siku moja. Niliitaka kazi ile kuliko hewa. Mgongo ulikuwa umechoka kuinamia cherehani, na nilikwisha kujiona kati ya migomba, wageni wakining'inia kwenye kila neno langu.

Tulifika asubuhi tukamwamkia mwenyekiti wa kikundi, bibi wa Kimeru mwenye kitenge kiunoni. Akaitikia marahaba, akatugawia: mimi nieleze kuchuma na kukoboa, mwenzangu kutwanga, kukaanga na kunywa. Wageni walikuwa sita, wazee watupu.

Sehemu yangu ilikwenda kama harusi. Nilimwaga semi mpaka mibuni ikatikisika. Wageni walicheka, mmoja akanipiga picha. Nikampisha mwenzangu nikiwa na uhakika kazi ni yangu.

Yeye hakuwa na semi hata moja. Alikaanga buni taratibu, akamwita mgeni mmoja mmoja anuse, akiuliza kwa Kiingereza chake kifupi kwao wanakunywa na nani na saa ngapi. Wageni wakamsogelea. Picha zikawa tano, sita. Nilikuwa nimeegemea mgomba, na nadhani nusura niung'oe.

Mgeni mmoja mwanamke, mwenye nywele nyeupe, alishika kikombe akaanza kumwambia mwenzangu habari za mumewe: kwamba asubuhi zote za ndoa yao ni mume aliyechemsha kahawa, na kwamba mwaka huu anachemsha mwenyewe. Aliishia hapo. Sehemu haikuwa yangu na hakuna aliyeniuliza. Lakini nilimwona mwenzangu amenyamaza, nikadhani ameishiwa maneno, nikaona mlango uko wazi. Nikaruka mbele nikitabasamu, nikamwambia yule mgeni kwa Kiingereza safi kabisa: kumbe mzee aliipiga ndoo teke!

Maana niliipata sawasawa. Ndiyo aibu yenyewe. Kwa Kiswahili nisingethubutu kumwambia mjane kwamba mumewe amekata kamba. Ningeuma ulimi kwanza. Yule mgeni alitua kikombe polepole. Wenzake wakatazama majani.

Mwenzangu akasogeza kigoda chake karibu naye. Akamwuliza, "Alipenda kali, au nyepesi?" Yule mjane akamtazama, kisha akaanza kusimulia, na alisimulia mpaka makaa yakafa.

Wageni walipoondoka bibi mwenyekiti akaniita pembeni.

"Mwanangu, Kiingereza mimi sikijui. Lakini nimeuona uso wa mgeni wangu." Akasema mama wa maziwa aanze Jumatatu.

Tuliteremka pamoja hadi barabara kuu. Sikumpongeza. Yeye ndiye aliyesema.

"Kaka, ulimwambia nini yule mama? Lile la ndoo sikulielewa."

Nikamweleza.

"Na kwenu kwa mfiwa mnasemaje?"

Nikasema nina haraka. Akauliza kama ningekuwa namfundisha maneno kidogo kabla ya kipindi, maana wageni wanaongea mengi na yeye anayaokota machache. Nikasema nimebanwa na suruali za watu, uongo mtupu. Na gari la kwetu liliposimama, nikamwambia atangulie, mimi naelekea mtaa mwingine, Lemara, kwa shangazi. Lemara sina shangazi. Sina hata mtu anayenidai.

Nilipanda lililofuata, nikashuka Lemara kweli, nisije nikakutana naye mtaani nikaonekana mwongo, nikarudi Daraja Mbili kwa miguu na jua la saa nane utosini. Wivu ulikuwa unatembea nami bega kwa bega, mzima, haujachoka. Ila njia nzima nilikuwa namjibu lile swali lake, peke yangu, watu wakinitazama: tunasema pole, mama. Tunasema pole, halafu tunakaa.