Fundi Duale na Lori Linalozimika Mahameni

Jua la alasiri limeegemea bati la gereji, na fundi Duale Issack amechuchumaa mbele ya kikoi alichokitandaza chini. Juu ya kikoi kuna plagi sita za lori, kila moja imefungwa kitambaa chake, zimepangwa vilevile zilivyokaa kwenye injini. Anaifungua ya kwanza, anaigeuza kwenye mwanga, halafu anaipeleka puani.

"Usiniulize kitu sasa," anamwambia mwandishi bila kuinua kichwa. "Ngoja hizi ziseme kwanza."

Basi mwandishi anashusha kalamu. Nani atabishana na mtu mwenye spana mkononi?

Duale alijifunzia ufundi Isiolo, akarudi kwao Garissa kufungua gereji hii uani kwake, hatua chache kutoka jikoni kwa mkewe. Zamani gari bovu lilikuwa gari bovu tu. Tangu vita hivi vya serikali na shifta, waasi wa nyikani, vianze, mambo ni mengine. Malori ya Wajir hayaendi ila kwa msafara wenye ulinzi, na msafara haumngoji mtu. Likizimika lori lako, unabaki wewe, abiria wako na nyika. Askari akikukuta atakushuku, shifta akikukuta atakushuku, na hapo hujakanyaga bomu lililofukiwa barabarani.

"Siku hizi gari likifa njiani, watu wanauliza nani aliligusa mwisho," anasema Duale. "Mimi ndiye ninayegusa mwisho."

Na safari hii ana sababu zaidi ya kuogopa. Alhamisi mkewe, Muslimo, atapanda lori hilihili hadi Griftu, upande wa Wajir. Binti yao Shukri, ambaye bado hajang'oka meno ya utotoni, yuko huko kwa bibi yake, na habari zimefika kwamba watu wanakusanywa katika kijiji kimoja chini ya ulinzi. Muslimo anataka kumtoa mtoto kabla njia haijafungwa. Lori jingine la kumpeleka hakuna.

Nalo lori lenyewe lina mambo! Dereva wake, huyu aliyekaa pembeni, ni Sharamo, Mborana wa Wajir, mtu mnene mwenye kucheka ovyo, ingawa siku hizi hacheki. Kila safari, anasema, injini huenda vizuri hadi watu wasimame kuswali adhuhuri na yeye kujaza tangi. Wakishaondoka, halichukui muda linaanza kwikwi. Linakohoa, linatoa moshi mweusi, kisha linazimika palepale, mbele ya mahame ya kijiji kilichoungua mwaka jana. Nani alikichoma, hakuna anayesema. Wenyewe wako wapi, hakuna anayejua.

"Gari ikinyamaza, unasikia kengele," Sharamo anasimulia, mikono imeshika magoti. "Ile ya mti, ya ngamia. Unaangalia huku, unaangalia huku, ngamia hakuna. Wallahi, hii gari yangu iko na mtu anaishika."

Mara tatu aliachwa nyuma na msafara pale, akizisugua plagi kwa mchanga huku abiria wakisoma dua. Mara tatu lilikubali kuwaka, akawafuata wenzake mbio. Abiria wengine sasa hawalipandi hata bure.

Duale alikuwa amekwisha kagua kila kitu. Koili nzima, pointi safi, ringi za pistoni hazivuji. Akiliwasha hapa uani linanguruma kwa raha zake, wala halikosi pigo. Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Mwishowe akamwambia Sharamo: "Walaal, ndugu yangu, safari hii likizimika, usifute plagi hata kidogo. Weka mpya, zile za zamani nifungie kama zilivyo, uniletee na uchafu wake."

Uchafu wenyewe ndio huu. Plagi zote sita ni nyeusi, zimelowa. Duale anaupaka kati ya vidole. Si oili ya injini, maana oili ni nzito na inanuka chuma. Huu unateleza, na ukipoa unaganda mweupe pembeni. Anachukua plagi moja kwa koleo, anaishikilia juu ya jiko la mkaa lililo karibu. Inachemka, inatoa moshi mwembamba, na gereji nzima inanukia iliki na vitunguu saumu.

Fundi, dereva na mwandishi wanatazamana. Gereji inanukia chakula!

Hapo ndipo Muslimo anapotokea mlangoni na birika la chai. Anasimama. Uso wake, uliokuwa wa mtu anayeleta chai, unabadilika.

"Nani anapika samli ya habaryar?" anauliza.

Habaryar ni mama mdogo. Huyu anayemtaja ni Fatumo, mdogo wa mama yake. Kila mwanamke wa huku ana mkono wake katika kuikaanga samli, na Muslimo anasema samli hii aliila tangu hana meno. Fatumo alikuwa akiishi katika kijiji kile kilichoungua. Tangu mwaka jana, si salamu wala fununu.

Nywele zinamsimama mtu. Duale anaiweka plagi chini. Anamgeukia Sharamo polepole.

"Petroli ya akiba unaibeba kwenye nini?"

Sharamo anaangalia chini. Anatoka, anarudi na debe, anaenda tena, analeta jingine. Ndani, nyuma ya harufu ya petroli, samli imeshika sakafu ya debe, nene kama kidole. Kila akimimina petroli iliyochemshwa na jua, samli kidogo huyeyuka ikaingia tangini. Plagi zikilowa mafuta ya kula, cheche itatoka wapi? Mjini linajazwa kwa pampu, ndiyo maana hapa uani linanguruma.

"Niliyakuta pale mahameni, siku msafara ulipumzika, kabla gari haijaanza kuzima," anasema. "Petroli tunapewa kwa kipimo, debe hakuna mjini. Niliona zimekaa tu. Nikasema hawa watu hawako."

"Hawako wapi?" anauliza Muslimo.

Sharamo anayasogeza madebe pembeni. Hata kuyaosha aliogopa, kwa sababu angeyaosha wapi watu wasiulize? Huku mfugaji huacha vyombo vyake akahama miezi, akarudi akavikuta. Kuvichukua ni kumwambia mwenyewe kwamba harudi tena. Sharamo analijua hilo tangu utotoni, na aibu inamtoa jasho.

Duale anamwaga petroli yote, anaosha tangi na kabureta, anazichoma plagi hadi zinakuwa za kijivu. Kazi imekwisha, anasema. Ndipo mkewe anapotamka sharti lake: madebe yarudi yalikotoka, na atayarudisha yeye, kwa mkono wake.

"Abaayo, mke wangu, una akili?" Duale anang'aka. "Nimehangaika lori lisisimame pale, wewe unataka lisimame!"

"Yake ni yake," anajibu Muslimo, na chai anaimimina.

Wiki inayofuata mwandishi anarudi gerejini. Mtoto anachezea nati mchangani. Ni Shukri, amefika salama. Duale hawezi kumtazama bila kutabasamu.

Injini haikukosa hata pigo moja, kwenda na kurudi. Walipokwenda, Sharamo alilisimamisha mbele ya mahame bila kulizima, na Muslimo akashuka na madebe aliyoyaosha kwa majivu, akayaweka kando ya mafiga ya mama yake mdogo. Kengele hakuisikia. Injini ilikuwa inanguruma, na Sharamo alikuwa akiikanyaga mafuta makusudi ingurume zaidi.

Waliporudi, madebe hayakuwapo. Upepo ulikuwa umefagia mchanga, na nyayo hazikuonekana, za mtu wala za mnyama.

Safari ijayo Muslimo anataka kupeleka mahameni sukari na majani ya chai. Ameshavifunga, viko hapo juu ya meza ya spana. Safari hii Duale hakubisha, ila amemwagiza Sharamo apige honi kwanza, halafu angoje kidogo, hata kama msafara utanuna.

"Kama ni mtu, atasikia atoke, tumlete nyumbani," anasema fundi, akiifunga plagi ya mwisho kwa mkono. "Na kama si mtu, bado ni mama mdogo wa mke wangu."