Mashua ya Kwenda kwa Bibi

Harufu ya tope la Ziwa Kitangiri, tope la magugu yaliyooza na samaki wa jana, ikinipata popote hunirudisha mwaka ule tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa. Sisi tuliwekwa upande huu wa ziwa. Bibi, mzaa mama, akawekwa ng'ambo pamoja na mjomba. Tangu hapo Mama hakutulia. Alipika huku akichungulia ziwani, akalima huku akichungulia ziwani, hata uji ukaungua. Bibi alikuwa amemtumia salamu kwamba macho yanafifia, aje amwone angali anamtambua. Baba, mwalimu asiyeweza kuvumilia manung'uniko, akaahidi kununua mashua: Jumapili tutavua samaki kwa kujifurahisha, na tutavuka kwa Bibi.

Zilizokuwa zinauzwa ni mbili, zote za mbao, zote kuukuu. Moja ilikuwa ya Mhindi mwenye duka Singida mjini, aliyekuwa akija kuvua siku za mapumziko. Ilikaa bandani, kavu, imepakwa rangi ya buluu. Nyingine ilikuwa ya bwana shamba mstaafu, nayo ilikuwa imezama ufukweni, vyura wakiogelea ndani yake. Mwenyewe alieleza kwamba ameizamisha makusudi ili mbao zisikauke. Lakini sisi ni watu wa ng'ombe, na Mama alichagua mashua kama mtu aliye mnadani: aliizunguka ile ya buluu, akaipigapiga ubavuni, akainusa. Kisha akasema, "Ng'ombe aliyelala hanunuliwi." Baba alipojaribu kubisha, alikumbushwa kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Akatoa pesa, tukanunua ile ya buluu. Mimi nilifurahi, maana wale vyura walinitia kinyaa.

Jumapili, tulipotoka kanisani, tukapanda na nguo zetu nzuri, mimi nimempakata jogoo wa Bibi. Hatukufika mbali. Maji yaliingia kwenye kila kiungo cha mbao, kimya kimya, hadi viatu vya Baba vikalowa. Baba anapiga kasia, Mama anachota maji kwa kibuyu, jogoo ananikwaruza, nami nalia kwa hasira wala si kwa woga. Tulirudi tumelowa chapachapa. Bwana shamba hakutucheka. Alisema tu tuizamishe, tungoje mbao zivimbe na kuziba mianya. Tungoje! Hilo ndilo Mama hakuliweza. Kila asubuhi alikwenda kuzipapasa zile mbao majini, akarudi amenuna. Baba akamwambia mvumilivu hula mbivu. Nusura amwagiwe maji ya vyombo.

Mashua ilikuwa bado imezama siku Bibi alipotokea uani, miguu imejaa vumbi, mjomba amemshika mkono. Walikuwa wamelizunguka ziwa kwa miguu. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia, akaomba maji. Kisha akaushika uso wa Mama kwa viganja vyote viwili, akautazama kwa muda mrefu. "Nyie endeleeni kuchagua mashua," alisema. "Mimi nina miguu." Mama alilia mbele yetu sote, bila kujificha.

Siku hizi lami inapita Misigiri, na tangu Bibi afariki hakuna kwetu anayelivuka ziwa. Mama anaishi Kinampanda, kwenye njia ya Kiomboi, mimi Dodoma, na tangu mwaka jana nachagua kati ya magari mawili ya mtumba ili niwe naenda kumwona. Moja linang'aa, jingine limebonyea ila fundi analisifu. Nimeyazunguka, nimeyapigapiga. Juzi nilimsimulia Mama kwenye simu, nikidhani atacheka.

"Chagua tu, mwanangu," akasema. "Ila magoti yangu siyo ya bibi yako."

Nimeshakata tiketi ya basi la Kiomboi.