Rubani wa Sosiot Aliyekataa Kupenya Nyuma ya Mvua

Saa tisa alasiri, juu ya mashamba ya chai ya Bomet, Kapteni Nelvine Chelangat anakazia macho kioo cha rada. Mbele ya ndege yake ndogo ya wagonjwa, mvua inaonekana nyekundu. Nyuma ya wekundu huo kuna weusi mtulivu, kana kwamba hakuna kitu.

Nyuma yake amelazwa Esnah Nyang'au, mchumaji chai wa Sotik. Uchungu umemshika tangu jana, na mtoto amelala vibaya tumboni. Anasubiriwa Nairobi apasuliwe.

"Kapteni, si pale nyuma mvua imeisha?" anauliza muuguzi Bogonko. "Tupenye, tufike."

"Hapana. Pale rada haijafika."

"Ai! Nyinyi Wakipsigis si ni wakimbiaji? Leo unazunguka?"

"Kwani mkimbiaji hazunguki uwanja? Mshike mama mkono."

Anageuza ndege kusini, upande wa Narok. Ni dakika ishirini zaidi, na Esnah analia.

Nelvine, mwenye miaka thelathini na mitatu, hueleza kazi yake pole pole.

"Rada hutuma mawimbi. Yakigonga matone yanarudi, ndipo tunaona mvua. Lakini mvua nzito huyameza, na ya nyuma yake huioni. Ni kama kumwita jirani wakati mvua inapiga mabati. Asipoitika, usiseme hayuko nyumbani."

Kusomea urubani hakukuwa rahisi. Babake, mzee Kipngeno, aliuza ng'ombe wote wa maziwa, na kwa miaka miwili familia ilikunywa chai ya rangi.

"Majirani walinicheka," anasema mzee. "Eti nauza ng'ombe ninunue mawingu! Sasa ndege ikipita, haohao ndio wa kwanza kuinua shingo."

Jioni hiyo habari zilitoka Silibwet, chini ya ule weusi. Mvua ya mawe ilikuwa imepiga chai ikabaki vijiti vitupu.

Wakati huo Esnah alikuwa ameshapasuliwa salama, na binti yake analilia maziwa.

"Umeshinda, Kapteni," Bogonko alisema. "Lakini moyo wangu uliuacha Bomet ulipogeuza ndege. Ukipita tena, unichukulie."

Januari, Nelvine anaanza kusomea kufundisha marubani. Anataka watoto wa wachumaji chai wawe wengi angani.

"Nikizeeka nitarudi Sosiot nichume chai yangu," anasema. "Nisikie ndege ikizunguka wingu, niwaambie majirani: huyo ni wangu."