Kumleta Kaka kutoka Mombasa

Miaka ile ya amani, kabla ya kura ya kujitenga na Sudan, watu wa Juba waliojaliwa walikwenda Mombasa kustarehe. Mimi nilimpeleka Mama kumchukua kaka yangu. Alizama huko tukiwa bado wakimbizi Kenya, akifanya kazi hotelini, na bahari haikumrudisha. Kwetu, asiyepatikana mwili huletwa nyumbani kwa udongo wa mahali alipofia, ndipo azikwe. Anayembeba hasemi neno tangu auchote mpaka afike kaburini. Akisema, marehemu hushuka palepale, wala habebeki tena.

"Mama, acha nimbebe mimi," nilimwambia.

"Wewe? Mdomo wako hauna breki!"

Haya, nikamwachia.

Kwanza alitaka kuona yote ambayo kaka alimwahidi. Tukazunguka Fort Jesus, akalalamikia ngazi. Ufuoni akapanda ngamia huku akimtukana njia nzima. Tukala viazi karai, macho yakamjaa machozi. "Ni pilipili," alisema. Siku ya mwisho aliingia majini na gauni lake mpaka magotini, akamwita mwanawe kwa jina, akachota mchanga, akaufunga ndani ya kanga. Kimya kikaanza.

Mama yangu huyu, anayegombana hata na redio! Nairobi alikataa chai kwa kutikisa kichwa. Ndani ya ndege nilimjibia kila mtu. Nilijivunia, na moyo uliniuma vibaya.

Uwanja wa ndege wa Juba, mkaguzi akaiweka kanga mezani. "Hii nini, mama?"

Nikajibu mimi: mchanga wa marehemu.

"Nimemuuliza yeye."

Jeuri gani ile! Akalivuta fundo kwa pupa, kanga ikamponyoka, mchanga ukamwagika sakafuni. Akasogea kuutazama, buti lake likatua juu yake.

"Usimkanyage mwanangu!"

Ilikuwa sauti ya Mama. Mkaguzi alielewa mara moja, kumbe mila hiyo aliijua. Akapiga magoti, "Malesh, mama, malesh," akiomba radhi huku akiukusanya kwa viganja. Mimi nilitamani kumpiga. Mama akamshika bega.

"Acha, baba. Nimeshasema, ameshashuka."

Akakaa palepale sakafuni, akalia kilio ambacho hakuwahi kukilia tangu siku tuliyopata habari.

Nyumbani wajomba walikuwa wameshachimba kaburi. Jioni ile wakalifukia likiwa tupu.